Ploti ya Ruai Isiuzwe Kwanza

Pune, India

Kwa Mama mpendwa, Mjomba Salim, na Idi mwenyewe,

Shikamooni. Sisi huku hatujambo, joto limeanza na watoto wako kwenye mitihani. Swali lenu, kama muuze ploti mumlipe ajenti amlete Idi kusomea udaktari huku India, nimelipata. Picha ya matokeo ya Idi mliyonitumia kwa WhatsApp nimeiona, ingawa kidole cha Mjomba kilifunika gredi ya Kemia na ikabidi niombe picha nyingine. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Gredi iliyokuwa chini ya kidole ndiyo kesi yenyewe.

Nianze na habari ya ploti ili Mama apate usingizi. Ploti ya Ruai isiuzwe kwanza. Na ile laki tatu ambayo ajenti anaiita "ya kushikilia nafasi" isitumwe, hata nusu yake. Hakuna chuo cha udaktari India kinachoruhusiwa kumshikilia mtu nafasi kabla hajafanya mtihani wa taifa. Nitafika huko. Lakini lazima nianzie Nairobi, kwa sababu kufuli iko Nairobi. Pune ni mlango tu, na mlango ukifunguka kufuli ingali imefungwa, mtoto anarudi nyumbani na shahada ya kutundika ukutani.

Idi, chukua kalamu na kalkuleta tuhesabu pamoja, usikubali mtu mwingine akuhesabie.

Ulifanya masomo 8 lakini wastani unatoka kwa 7: Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi, na matano bora katika yaliyobaki. Utaratibu huo ulianza na KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2023. A ni pointi 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7. Hisabati yako ni B, weka 9. Kiswahili A-, weka 11. Dini ya Kiislamu A-, 11 nyingine. Kiingereza, Bayolojia na Biashara zote ni B, hizo ni 27. Kemia B-, 8. Fizikia ya C+ imebaki nje, haikukuumiza wala haikukusaidia. Jumla ni 66 kati ya 84. B huanzia 60 ikaishia 66, kwa hiyo B+ imekupita kwa pointi moja. Nilipoiona namba hiyo niliguna.

Sasa klasta ya udaktari, yaani fungu la masomo linalopimiwa kozi hiyo. Inachukua masomo manne: Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia (ile iliyo juu), na Kiingereza au Kiswahili (hali kadhalika). Kwako ni 9, 8, 9 na 11, jumla 37 kati ya 48. Gawanya 37 kwa 48. Gawanya 66 kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Utapata 37.4 hivi. KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, wana vipimo vyao vya ndani vinavyosogeza namba kidogo, na namba rasmi ni ile utakayoiona ukiingia kwenye akaunti yako, lakini hesabu hii haikosei sana.

Ili ujue 37.4 ni nini, chukua mwanafunzi aliyepata A- katika kila somo, bila hata moja kuteleza. Kwa hesabu hiyohiyo anapata 44 kamili. Shahada ya udaktari katika vyuo vya umma imekuwa ikifunga (pointi za wa mwisho kupokelewa) juu ya 40, na Chuo Kikuu cha Nairobi kinachogombaniwa kuliko vyote hufunga karibu na 44 ya huyo wa A- tupu, mwaka mwingine hata juu yake. Kwa upande mwingine, mwenye B katika kila somo anapata 36. Na B ndicho kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye matangazo. Kwa hiyo tangazo linaposema "wastani wa B", maana yake ni kwamba mtu wa B haruhusiwi kufukuzwa langoni. Halisemi ataingia. Wazazi wengi huchanganya mambo hayo mawili, na maajenti wanaishi mjini kwa mchanganyiko huo.

Hadi hapo bado ni habari ya foleni, na foleni mtu anaweza kuizunguka kwa kujilipia karo. Mount Kenya, KeMU, Uzima na Aga Khan zote zinafundisha udaktari, na pointi za klasta za KUCCPS hazimfungi anayejilipia. Ila Baraza la Madaktari, KMPDC, halitazami wastani peke yake. Linataka B katika kila somo la yale manne ya klasta. Bayolojia unayo. Hisabati unayo. Lugha unayo na ziada. Kemia ni B-.

Hiyo alama ndogo ya kutoa ndiyo kufuli. Mjomba, najua utasema ni pointi moja tu. Ndiyo, ni moja. Lakini Baraza ndilo linalowasajili wanafunzi wa udaktari wakiwa bado chuoni, na chuo cha Kenya kikimpokea mtu asiyetimiza, jina lake linakwama pale. Kuna watu wamesoma miaka wakiwa darasani kimwili huku kwenye daftari la Baraza hawapo. Mkienda kwenye chuo chochote cha binafsi swali la kwanza liwe hili: "Jina lake litasajiliwa KMPDC mwaka gani wa masomo, na mtatuonyesha nini kama ushahidi?" Mkijibiwa kwa tabasamu, simameni mwondoke.

Na hapo ndipo ajenti wenu anapoingia na wimbo wa India. Anachowauzia ni wazo kwamba ukienda nje unaliruka Baraza. Huliruki. Aliyesomea nje akirudi anapeleka shahada yake kwa KMPDC, hufanya mtihani wa kufuzu, akipita ndipo apangiwe hospitali ya uanagenzi kwa mwaka mmoja, na baada ya hapo ndipo apewe leseni. Kwenye faili atakaloweka mezani siku ya kwanza kuna karatasi ya KCSE. Wanaiangalia. India yenyewe inafanya vivyo hivyo kwa watoto wake: Mhindi anayekwenda Urusi au Georgia kusoma udaktari lazima awe amepita mtihani wa taifa wa India kabla ya kuondoka, la sivyo akirudi haruhusiwi hata kukaa kwenye mtihani wa leseni. Kila nchi inawafuata watoto wake hadi walikokimbilia.

Haya, tuje India, maana najua mtaniuliza hata hivyo.

Mtihani unaitwa NEET. Ajenti mmoja atawaambia mgeni hahitaji. Anahitaji. Mhindi, Mhindi aliyezaliwa nje, na mgeni asiye na tone la damu ya Kihindi, wote wanaotaka MBBS, shahada ya udaktari ya India, wanaufanya. Ni mara moja kwa mwaka, kwa karatasi na kalamu. Mwaka 2025 ulikuwa Mei 4. Una maswali 180 kwa dakika 180: Fizikia 45, Kemia 45, Bayolojia 90. Jibu sahihi ni maksi 4, kosa linakukata 1, ukiacha wazi hupati wala hukatwi. Jumla 720. Kuna vituo vichache nje ya India, Dubai, Doha, Muscat na kwingineko. Katika orodha za miaka ya 2023 na 2024 Afrika nzima ilikuwa na Lagos peke yake, kwa hiyo kwa mtu wa Majengo hesabu ya nauli inaanza kabla ya hesabu ya karo.

Hiyo "kupita tu" ambayo ajenti anaisema, nataka muione kwa karibu. Mwaka 2025 mstari wa kufuzu kwa kundi la kawaida, wasiotengewa viti maalum, ulikuwa maksi 144. Gawanya kwa 4: ni maswali 36 sahihi kati ya 180, mradi usikosee jingine lolote. Mwaka 2024 ulikuwa 162. Mstari huo haupangwi kwa ubora. Unachorwa mahali ambapo nusu ya watahiniwa wote wamebaki chini, ndiyo maana mtihani ukiwa mgumu unashuka na ukiwa mwepesi unapanda. Mwaka huo wa 2025 walifanya watu milioni 2.2 hivi. Waliohesabiwa wamefuzu walipita milioni 1.2. Viti vya MBBS nchi nzima ni zaidi kidogo ya laki moja. Piga hesabu: waliofuzu, si waliofanya, ni watu kama kumi kwa kiti kimoja. Kwa kijana wa Kihindi anayetaka chuo cha serikali, 144 ni sawa na kutopata kitu.

Lakini ajenti hasemi uongo mtupu, na hapa lazima niwe mkweli. Viti anavyoweza kugombania mgeni viko zaidi katika vyuo vikuu vya binafsi, na hulipiwa kwa dola, makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Wanaoweza kulipa kiasi hicho ni wachache, kwa hiyo foleni ni fupi, na mtu mwenye maksi zilizovuka mstari kwa kidogo tu anaweza kupata kiti. Inatokea kila mwaka. Masomo ni miaka minne na nusu, kisha mwaka mmoja wa kuzunguka wodini. Ploti ya Ruai italipa karo ya mwaka wa kwanza, kama itatosha. Ufadhili wa ICCR, baraza la serikali ya India, ambao Mama aliusikia msikitini, ni wa kweli na ni mzuri, lakini hautolewi kwa MBBS.

Kiti hicho cha kulipia nacho hakigawiwi na ajenti. Kinapitia kamati ya taifa inayoitwa MCC, kwa raundi, kila mtu akijaza vyuo anavyovitaka kwenye mtandao, na kompyuta inapanga kwa kufuata maksi. Barua ya "kukubaliwa" iliyoandikwa kabla ya NEET, au kabla ya raundi za MCC, ni karatasi tu. Mwanafunzi aliyeingizwa nje ya utaratibu huo hatambuliwi na NMC, tume iliyochukua nafasi ya baraza la zamani la India mwaka 2020, na mtu asiyetambuliwa na NMC msitarajie KMPDC wamtambue. Na akitokea mtu kuwauzia maswali ya mtihani, mkumbukeni mwaka 2024: karatasi ilivuja Bihar na Jharkhand, polisi wakakamata watu, kesi ikafika Mahakama ya Juu. Walionunua nao waliandamwa.

Idi akiulizia uwezo wake kwenye NEET, jibu langu ni kwamba Bayolojia ataielewa, Fizikia itamla. Mtihani unatoka kwenye vitabu vya darasa la 11 na la 12 vya huku, na Fizikia ya vitabu hivyo inaenda mbali kuliko kidato cha nne: miili inayozunguka, joto na kazi, mawimbi kwa hesabu nzito. Vijana wa huku wanapelekwa mji wa Kota kukaa mabwenini mwaka mzima, wengine miwili, kwa mtihani huu mmoja. Mtu mwenye C+ ya Fizikia hawezi kuuandaa kwa miezi mitatu. Kubahatisha nako hakuokoi. Ukipaka maswali yote 180 bila kusoma, kwa kawaida 45 yatakuwa sahihi na 135 makosa: maksi 180 kutoa 135, unabaki na 45. Ila ukiweza kuyaondoa majibu mawili kati ya manne, bahatisha, maana hapo wastani wa faida ni maksi moja na nusu kwa swali. Hilo linafaa kujulikana hata kama hatakuja.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. China, Urusi, Georgia, Misri: nyingi hazina mtihani mgumu wa kuingilia kwa mgeni, na ndiyo maana zinatangazwa sana Tom Mboya Street. Darasani masomo ni kwa Kiingereza, lakini mgonjwa haongei Kiingereza, na kuanzia mwaka wa tatu mwanafunzi asiyejua lugha ya mgonjwa anasimama nyuma ya wenzake akitazama mabega yao. Hata hapa Pune mgonjwa anaongea Kimarathi. Wakiwaambia chuo "kiko kwenye orodha ya dunia", wanamaanisha WDOMS, orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia nzima. Hiyo inaonyesha kwamba chuo kipo, haionyeshi kwamba kimekaguliwa na Kenya. Uganda iko karibu na kuna vyuo vyake ambavyo mabaraza ya Afrika Mashariki huvikagua kwa pamoja, jambo ambalo ni faida kubwa. Lakini mkiambiwa Idi aanze na mwaka wa maandalizi kwanza "ili kufuta ile B-", msilipe mpaka KMPDC waseme kwa maandishi kwamba mwaka huo unafuta kitu. Mimi sioni ukifuta.

Basi mnaona nilipofika. Njia fupi kuliko zote haipiti Dubai wala Delhi. Inapita kwenye Kemia.

Idi anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Ili apate wastani mpya lazima asajili masomo yasiyopungua 7, kwa hiyo hatarudia Kemia peke yake, na hapo pana hatari: Kiswahili cha A- kinaweza kushuka, Dini nayo. Asiyaache hayo kwa kudhani yako mfukoni. Usajili hufungwa mapema, miezi mingi kabla ya Novemba, na mfumo wa elimu wa 8-4-4 unamalizika na KCSE ya 2027, kwa hiyo si jambo la kusema "tutaona mwakani" mara tatu. Kemia ikipanda hadi B na mengine yakakaa palepale, jumla inakuwa 67, wastani B+, klasta 38.1. Bado chini ya vyuo vya umma, msijidanganye. Ila masharti yote ya Baraza yatakuwa yametimia, na vyuo vya binafsi vya Kenya na vile vya nje vilivyokaguliwa vinakuwa milango ya kweli.

Sasa, Idi, B- ya Kemia kwa mtu mwenye B ya Bayolojia na ya Hisabati kwa kawaida imepotea maabara. Karatasi ya tatu, ile ya vitendo, ina maksi 40, na swali la kwanza karibu kila mwaka ni la bureti na pipeti. Jedwali lile la mistari mitatu, usomaji wa mwisho, wa mwanzo na ujazo uliotumika, pamoja na wastani wake lina maksi 5 hata kabla hujafanya hesabu nyingine yoyote. Moja ni ya kulijaza lote, majaribio matatu. Moja ni ya desimali: ukichagua moja, ziwe moja kote, ukichagua mbili, tarakimu ya mwisho iwe 0 au 5, kote. Ukiandika 24.5 hapa na 24.50 pale umeitupa maksi hiyo bila kosa lolote la Kemia. Moja ni ya usahihi. Moja ni ya kujua zipi za kuweka kwenye wastani: unachukua zile zinazokaribiana ndani ya 0.2, jaribio lililoruka mbali unaliacha, na unaonyesha umegawanya kwa ngapi. Ya tano ni ya jibu lenyewe.

Ile ya usahihi ndiyo yenye siri. Hawailinganishi na kitabu. Wanailinganisha na namba aliyoipata mwalimu wa kituo chako aliyefanya jaribio lilelile kwa dawa zilezile. Ukiwa ndani ya 0.1 ya namba yake unapata maksi nzima, ndani ya 0.2 nusu, zaidi ya hapo hakuna. Kwa hiyo kituo chenye mwalimu mzembe au dawa zilizochanganywa vibaya kinawaangusha wote, hata mwenye mkono mtulivu. Unapotafuta kituo cha kujisajili usiulize bei kwanza. Omba kuona maabara. Hesabu bureti. Muulize mwalimu ni lini mara ya mwisho watahiniwa wa kibinafsi waliingia mle kufanya mazoezi. Vituo vingi vya mjini huwafungulia siku ya mtihani tu.

Makosa ya mkono ni yaleyale miaka yote. Faneli imeachwa juu ya bureti na inadondosha tone moja baada ya usomaji wa mwanzo. Povu la hewa limebaki kwenye ncha chini ya bomba, likitoka katikati ya jaribio linahesabiwa kama asidi. Mtu anasoma akiwa amesimama huku bureti iko chini ya macho yake. Inama mpaka jicho liwe sawa na sehemu ya chini ya ule mbonyeo wa kioevu. Pipeti inapulizwa ili tone la mwisho litoke. Usipulize, gusisha ncha kwenye ukuta wa chupa na uliache linalobaki, pipeti imepimwa hivyo.

Kwenye swali la kutambua chumvi, kinachokula maksi ni mwandiko wa ulichokiona. Mashapo meupe yakitokea kwa soda kali (sodium hydroxide), kisha yakayeyuka ukizidisha, una watuhumiwa watatu: alumini, zinki, risasi. Amonia ndiyo inayomtenga zinki, kwa sababu mashapo yake yanayeyuka ukizidisha, ya wenzake hayayeyuki. Anayeandika jina la zinki bila kuandika "yameyeyuka ukizidisha" anakosa maksi ya kuona, na mara nyingi ya hitimisho inaifuata. Tafuta mtu wa kukaa naye maabara mara moja kwa wiki tangu sasa. Mafunzo ya nadharia utayapata kwenye vitabu vyako vya zamani.

Mama, kuna njia nyingine na sitaki uione kama ya waliokosa. Diploma ya afisa wa kliniki pale KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inataka wastani wa C, na Idi ana B. Ni miaka 3, kisha mwaka wa uanagenzi. Maombi siku hizi yanapitia KUCCPS hukohuko. Yule aliyekutibu nimonia pale zahanati ukamwita "daktari" mara kumi alikuwa afisa wa kliniki. Anapima, anaandika dawa, anashona, na akiendelea na stashahada ya juu anaweza kuwa mtu wa macho, wa watoto, wa usingizi wa upasuaji. Baadaye kuna shahada ya tiba ya kliniki, na baadhi ya vyuo vikuu humfikiria mwenye diploma yenye kredi kwa nafasi ya udaktari kamili, wakitazama bado ile KCSE. Ni njia ndefu. Lakini mwaka wa nne Idi analipwa, wakati mwenzake wa India anaomba nauli. Shahada ya uuguzi ni nyingine inayofaa, kiwango chake cha chini ni C+, ila na yenyewe foleni yake si mchezo.

Mkiniuliza mimi, ningefanya yote mawili: ajaze KMTC mwaka huu, na kama moyo wake uko kwenye udaktari asajiliwe kurudia kabla hajaitwa. Akiitwa, achague. Maombi ya KUCCPS ni shilingi 1,500, ukibadilisha machaguo unaongeza kidogo. Linganisha na laki tatu.

Kazi za wiki hii, Mjomba, nakuomba wewe uzishike. Nenda KMPDC, ofisi ziko Woodlands Road karibu na Lenana Road, unashukia Hurlingham. Usiulize kwa mdomo dirishani, kwa maana jibu la dirishani halina mwenyewe. Peleka barua ya mistari mitano: mtahiniwa wa KCSE wa mwaka huu, wastani B, Bayolojia B, Kemia B-, Hisabati B, Kiswahili A-, akijiunga na chuo hiki, taja jina na nchi, na akihitimu, ataruhusiwa kufanya mtihani wa kufuzu na kuanza uanagenzi Kenya? Ndiyo au la. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukitoka hapo, muombe ajenti aandike jibu la swali hilohilo kwenye karatasi yenye nembo yake na sahihi. Nadhani simu yake itaanza kuwa na shida ya mtandao.

Idi, wewe nenda shuleni ukachukue karatasi halisi ya matokeo, ile yenye muhuri, kisha unitumie picha zote mbili, yake na ya cheti cha kuzaliwa, nikuanzishie fomu ya KUCCPS kutoka huku usiku mtandao unapokuwa mwepesi. Mezani, mchana, karibu na dirisha. Mjomba asiishike.

Wasalimieni wote, na Bibi mwambieni dawa ya goti nitaituma na mtu anayekuja mwezi ujao.

Wenu,
Mwanaisha